Wengi Wape, Ila Usiwape Mtu

Hakuna maneno matatu katika nchi hii yaliyovaa joho la heshima na kutenda ukatili mwingi kama haya: manufaa ya umma. Kwa jina la manufaa ya umma watu wametengwa na makaburi ya wazee wao. Kwa jina hilo hilo raia wametiwa kizuizini pasi na mashtaka, na nyumba zimebomolewa alfajiri watoto wakiwa wangali usingizini. Na kila mara, ndugu msomaji, yule aliyetoa amri hakukiri kwamba anadhulumu. Alidai kwamba anapiga hesabu: hawa ni wachache, taifa ni kubwa; machozi ya hawa ni kidogo, faida ya wote ni nyingi. Nani atabishana na hesabu?

Mimi nitabishana nayo. Hesabu hii imekaa kizimbani mwa shahidi muda mrefu mno bila kuulizwa maswali. Lakini shahidi huhojiwa baada ya kusikilizwa, basi na tumsikilize kwanza kwa uadilifu.

Fundisho lenyewe lina wenyewe. Jeremy Bentham, mwanasheria Mwingereza aliyeishi kati ya 1748 na 1832, alichapisha mwaka 1789 kitabu kuhusu misingi ya maadili na utungaji wa sheria, na ndani yake akaweka kipimo kimoja cha mambo yote: tendo ni jema kwa kadiri linavyozidisha raha na kupunguza maumivu ya wote linaowagusa. John Stuart Mill, aliyelelewa katika shule hiyo tangu utotoni, akalipiga msasa fundisho hilo katika kitabu chake cha mwaka 1863. Kwa Kiswahili tuliite nadharia ya manufaa. Wahenga wetu wana muhtasari wake wa maneno mawili: wengi wape.

Wanaowadharau watu hawa hawajawasoma. Bentham aliishi katika Uingereza iliyokuwa na makosa zaidi ya 200 ya kunyongewa, mengine ya wizi mdogo tu, naye akauliza swali ambalo wakubwa hawakutaka kuulizwa: mtu akinyongwa kwa sababu ya kuiba, ni nani anayefaidika, na kwa kiasi gani? Alishikilia kwamba katika hesabu yake kila mtu ni mmoja; mtawala hahesabiwi wawili wala maskini hahesabiwi nusu. Kwa zama zile hilo lilikuwa tusi kwa mabwana. Mill naye, akiwa mbunge, alisimama mwaka 1867 kudai kwamba wanawake wapewe kura. Na gavana wa Jamaica, Edward Eyre, alipoyazima maasi ya Morant Bay mwaka 1865 kwa kuua watu weusi zaidi ya 400, Mill ndiye aliyeongoza kamati iliyotaka gavana huyo ashtakiwe. Hata sisi mawakili wa Kenya tumekula katika sahani yao. Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860, ambayo rasimu yake ya kwanza iliandaliwa na Thomas Macaulay chini ya athari kubwa ya Bentham, ililetwa huku na wakoloni na ikatumika katika ardhi yetu hadi mwaka 1930.

Wala si mambo ya kale tu. Mwaka 1998 watafiti walianza kugawa dawa za minyoo katika shule 75 za msingi wilayani Busia, wakihesabu kwa makini shilingi moja inaleta faida gani kwa mtoto wa shule. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha kwamba watoto waliotibiwa walipunguza utoro, na mmoja wa watafiti hao, Michael Kremer, alikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019. Wataalamu wangali wakibishana kuhusu ukubwa wa faida hiyo, lakini mtoto aliyetolewa minyoo ametolewa minyoo. Ndui nayo iliangamizwa kwa kuhesabu. Mgonjwa wa mwisho wa maambukizi ya kawaida alipatikana Merca, Somalia, mwaka 1977, na mwaka 1980 ulimwengu ukatangaziwa kwamba gonjwa hilo limekwisha. Mkuu wa hospitali mwenye vitanda kumi na wagonjwa ishirini hana budi kuhesabu. Asiyetaka kuhesabu atawapa vitanda jamaa zake.

Basi ubaya uko wapi? Ili kuuona, nawaomba mnifuate hadi baharini, katika kesi ambayo kila mwanafunzi wa sheria huisoma mapema na wengi wetu tukaisahau mara tulipopata leseni.

Mwezi Julai mwaka 1884, mashua ya matanga iliyoitwa Mignonette, ikisafirishwa kutoka Uingereza kwenda Australia, ilizama katika bahari ya Atlantiki ya Kusini. Mabaharia wanne waliponea katika kihori kidogo kisichokuwa na maji ya kunywa: nahodha Tom Dudley, Edwin Stephens, Edmund Brooks, na kijana mtumishi wa chomboni, Richard Parker, mwenye umri wa miaka 17. Chakula chao kilikuwa makopo mawili ya mboga na kasa mdogo waliyemvua. Siku ya kumi na nane walikuwa hawajala kwa siku saba wala kunywa kwa siku tano. Nahodha akapendekeza ipigwe kura ili mmoja afe wengine wapone. Brooks akakataa. Siku ya ishirini Dudley, kwa ridhaa ya Stephens, aliomba dua, akamwambia kijana kwamba saa yake imefika, akamchinja. Watatu hao, Brooks akiwa miongoni mwao, waliishi kwa nyama na damu ya Parker hadi siku ya nne, ndipo meli ilipopita ikawaokoa.

Tazameni jinsi hesabu ilivyokuwa safi. Dudley na Stephens walikuwa na wake na watoto. Parker alikuwa yatima. Parker alikuwa amekunywa maji ya bahari, amelala chini ya kihori akiwa hoi, na huenda angetangulia kufa. Mmoja aliye karibu kufa dhidi ya watatu wenye watu wanaowategemea! Hata baraza la wazee wa mahakama liliafiki sehemu kubwa ya hesabu hiyo, kwa kuwa lilisema wazi kwamba watu hao wasingekula mwili wa kijana yule, yamkini wasingeishi hadi meli ilipopita. Lakini Jaji Mkuu, Lord Coleridge, pamoja na majaji wenzake, waliwatia Dudley na Stephens hatiani kwa kosa la kuua, wakawahukumu kifo, adhabu ambayo baadaye Malkia aliipunguza ikawa kifungo cha miezi sita. Coleridge aliuliza ni nani atakayekuwa mwamuzi wa dharura ya namna hiyo, na uhai wa watu utapimwa kwa mizani gani ili ijulikane upi una thamani kuliko mwingine. Kisha akaonyesha kwamba kipimo kikiachiwa mikononi mwa yule atakayefaidika, siku zote atakayechaguliwa ni mdogo, mgonjwa na asiye na nguvu.

Mambo mawili katika kumbukumbu za kesi hii hunikosesha usingizi. La kwanza ni kwamba lilipozungumzwa suala la kupiga kura, kijana hakuulizwa. Alikuwa ndani ya kihori hicho hicho, urefu wa mkono kutoka kwa wanaoshauriana, na hakuna aliyemgeukia kumwuliza neno. La pili ni ile dua. Nahodha hakuwa jambazi. Alikuwa mtu mwenye ibada, na aliweza kuomba msamaha kabla ya kuinua kisu. Nawaandikia waumini, nami ni mmoja wenu: dua haikumsaidia Parker.

Hapa ndipo ninapoikata nadharia hii vipande viwili. Mabaharia wale walipogawana nyama ya kasa, walihesabu, na walifanya haki kuhesabu. Laiti nahodha angekula nusu nzima, tungemlaani. Kugawa chakula kwa hesabu ni uadilifu. Bali mwenzako hawi chakula. Siku ya ishirini hawakubadili kiwango cha mgawo; walimwondoa mtu katika orodha ya wanaogawiwa, wakamwingiza katika orodha ya vinavyogawanywa. Nadharia ya manufaa, kama ilivyotoka kwa Bentham, haiioni tofauti hiyo. Kwake raha ni raha na maumivu ni maumivu, jumla yake ndiyo hukumu, na kuhusu haki ambazo mtu huzaliwa nazo kabla ya sheria yoyote kuandikwa, Bentham aliziita upuuzi mtupu. Wahenga hawakuishia kwenye "wengi wape". Walisema pia: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Ni methali kali, yenye kitanzi ndani yake, lakini inajua kwamba hata anayekwenda kunyongwa anabaki kuwa mwenye haki na si kitu.

Mtasema hayo ni ya mabaharia wa Kiingereza wa zamani za Malkia Victoria. Haya, na tutoke baharini twende Baringo.

Ziwa Bogoria liliwahi kuitwa na wakoloni Ziwa Hannington, kwa jina la askofu Mwanglikana aliyepita hapo mwaka 1885. Waendorois, jamii ya wafugaji, walikuwapo kabla ya askofu na kabla ya jina lake. Mifugo yao ililamba chumvi ya ardhi ile. Dawa zao zilitoka katika miti ya pale. Wazee wao wamezikwa huko, na ibada zao zilifanyiwa kando ya maji yale. Mwaka 1973 Serikali ilitangaza mahali hapo kuwa hifadhi ya wanyama, na watu wakaanza kuondolewa. Hesabu ilikuwa safi kama ile ya kihori. Upande mmoja, jamii ndogo ambayo Wakenya wengi hawakuwahi hata kulisikia jina lake. Upande wa pili, heroe kwa maelfu, chemchemi za maji moto, watalii, fedha za kigeni, na urithi wa vizazi vijavyo vya taifa zima. Ni nani atakayesema heroe hawana faida?

Kwa mujibu wa malalamiko ya Waendorois wenyewe, waliahidiwa mashamba yenye rutuba kwa familia 400, sehemu ya mapato ya watalii, kazi, majosho ya ng'ombe na mabwawa ya maji. Mwaka 1986, miaka 13 baada ya kuanza kuondolewa, familia 170 zilipewa shilingi 3,150 kila moja. Msomaji mwenye ng'ombe na afanye hesabu yake mwenyewe hapo.

Walikwenda mahakamani Nakuru. Mwaka 2002 Mahakama Kuu ikawaambia, kwa ufupi, kwamba sheria ya Kenya haina nafasi ya kulinda ardhi ya jamii kwa msingi wa ukaaji wa kihistoria na haki za utamaduni. Wakaenda mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Banjul. Uamuzi ulitolewa Novemba 2009, ukaidhinishwa na Umoja wa Afrika mwanzoni mwa 2010, na ungefaa kubandikwa kwenye mlango wa kila ofisi ya ardhi. Tume haikusema kwamba hifadhi ya wanyama ni jambo baya. Ilisema kwamba panapotwaliwa ardhi ya jamii ya namna hii, kipimo cha manufaa ya umma hupanda na wala hakishuki. Kwamba ng'oang'oa ile ilipita kiasi ikilinganishwa na haja yoyote ya umma iliyotimizwa na hifadhi. Na kwamba jamii haikushirikishwa ipasavyo. Ikaelekeza wenyewe warudishiwe ardhi ya mababu, walipwe fidia, na wapewe sehemu yao ya mapato.

Nini kilifuata? Mwaka 2011 Bogoria, pamoja na Nakuru na Elementaita, iliandikishwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia, na Tume hiyo hiyo ikalazimika kutoa azimio la kulalamika kwamba Waendorois hawakuhusishwa. Mwaka 2014 Serikali iliunda jopo la kushughulikia utekelezaji wa uamuzi. Jopo lilikwisha muda wake. Ardhi haikurudishwa.

Tazameni tena nani hakuulizwa. Mwaka 1973 waliopanga hifadhi walikaa na ramani na takwimu. Mwaka 2011 waliokaa ni wataalamu wa ndege na miamba. Parker alikuwa ndani ya kihori. Waendorois walikuwa ziwani. Sisemi kwamba waliohesabu walikuwa na chuki. Yawezekana walipenda sana heroe. Nasema kwamba hesabu ya manufaa ina kalamu, na kalamu ina mkono unaoishika, na Bentham hakutuachia kanuni yoyote ya kumpokonya kalamu yule asiyepoteza kitu. Mill mwenyewe ni ushahidi. Mtu huyu aliyempigania mwanamke wa Uingereza na maiti za Jamaica alifanya kazi miaka 35, kuanzia 1823 hadi 1858, katika ofisi za Kampuni ya Mashariki ya India jijini London, akisaidia kutawala mamilioni ya watu katika nchi ambayo hakuwahi kuikanyaga. Na katika kitabu chake mashuhuri kuhusu uhuru, cha mwaka 1859, alieleza kwamba fundisho lile la uhuru halikuwahusu watu aliowaona bado hawajastaarabika; kwa hao utawala wa kiimla ni halali, mradi nia yake ni kuwaendeleza. Kila mtu ni mmoja, naam, isipokuwa wale ambao Mill aliamua kwamba wahesabiwe kwa niaba.

Kuna jibu, nami nalijua kwa kuwa ni jibu la Mill. Wafuasi wake husema: bwana wakili, unapigana na kivuli. Mwenye akili hahesabu tendo moja moja, huhesabu kanuni. Jamii inayochinja watumishi wake wa melini haitapata watumishi. Nchi inayopora ardhi itakosa imani ya raia. Kwa hiyo haki za mnyonge zinalindwa na hesabu yenyewe, ila tu hesabu iwe ya masafa marefu.

Ni jibu la heshima, na mara nyingi ni kweli. Mau ni mfano wake. Mwaka 2009 Waogiek walipewa notisi ya siku 30 kuondoka msituni kwa ajili ya kuhifadhi chemchemi za maji ya taifa. Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha iliamua tarehe 26 Mei 2017 kwamba haikuthibitishwa kuwa Waogiek ndio waliouangamiza msitu; hesabu ilikosea hata kwa vipimo vyake yenyewe. Juni 2022 mahakama hiyo iliamuru walipwe zaidi ya shilingi milioni 157. Novemba 2023 nyumba zao zilikuwa zikibomolewa tena.

Lakini liangalieni jibu lile kwa makini. Linasema haki yako ipo kwa kuwa ina faida. Basi siku faida itakapogeuka? Haki inayohitaji kuthibitisha faida yake ndiyo iendelee kuwapo ni leseni ya biashara, huhuishwa kila Januari na hunyimwa kwa sababu zisizoelezwa. Mwendorois asingepaswa kuthibitisha kwamba kukaa kwake kando ya ziwa kunaongeza pato la taifa. Yeye ni mwenye nyumba. Na katika kihori hesabu haikukosea, jamani! Watatu walipona. Kama tunaweza kumtetea Parker pale tu ambapo kumla hakukuwa na faida, hatujamtetea hata kidogo.

Katiba tuliyoizindua tarehe 27 Agosti 2010 inaijua tofauti hii, na nasikitika kwamba wengi wetu tunaitaja bila kuifungua. Kifungu cha 24 kinaruhusu mizani: haki inaweza kuwekewa mipaka kwa sheria, kwa sababu za maana katika jamii huru ya kidemokrasia, na baada ya kuangalia kama kuna njia nyingine yenye kuumiza kidogo zaidi. Huo ni mgawo wa nyama ya kasa. Kisha kifungu cha 25 kinaiondoa mizani mezani. Kuteswa, kutiwa utumwani, kunyimwa kesi ya haki, kunyimwa amri ya kufikishwa mbele ya mahakama: haya hayapimwi dhidi ya chochote, hata kama taifa zima litafaidika. Kifungu kile kiliandikwa na nchi iliyokwisha kuona. Mwaka 1982 tulipowekewa kifungu cha 2A cha kuifanya Kenya nchi ya chama kimoja kwa sheria, hoja ilikuwa ya manufaa tupu: umoja na maendeleo ya mamilioni dhidi ya kelele za wachache wenye uchu. Kenneth Matiba na Charles Rubia walipokamatwa Julai 1990 kwa kudai vyama vingi, nao waliwekwa kwenye mizani hiyo hiyo. Matiba alipatwa na kiharusi akiwa kizuizini. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991, na taifa halikusambaratika kwa kukosa chama kimoja.

Msomaji Biblia ataniuliza kwa nini nimekawia kumtaja Kayafa. Nimekawia kwa makusudi, maana huyu ndiye mwenye hesabu kongwe kuliko wote. Katika sura ya 11 ya Injili ya Yohana, baraza lina hofu kwamba Warumi watakuja kuliondoa hekalu na taifa, na kuhani mkuu anawakemea wenzake kwa kutojua hesabu ndogo: heri mtu mmoja afe kuliko taifa zima kuangamia. Tumezoea kuhubiri aya zile kama unabii, na Mwinjili mwenyewe ndivyo anavyozieleza. Lakini someni pia kama kumbukumbu za kikao. Hakuna aliyeuliza kama mtu huyo ana kosa. Mtu mwenyewe hakuwapo. Ajenda ilikuwa usalama wa taifa. Na mwaka 70 Warumi walikuja hata hivyo, wakaiteketeza Yerusalemu na hekalu lake.

Kanisa linalohubiri Ijumaa Kuu kila mwaka lingepaswa kuwa la mwisho kumkopesha mtawala hoja ya Kayafa. Hata hivyo tumewasikia wachungaji wakiombea uzinduzi wa miradi bila kuuliza waliokuwa wakiishi pale wamelala wapi usiku huo. Tumewasikia wakituhimiza tusahau waliouawa baada ya uchaguzi wa 2007, zaidi ya watu 1,100, ili amani ya wengi isivurugwe. Dua ya nahodha hiyo.

Nami nisimalize kwa kuwanyooshea kidole wakubwa peke yao, maana kisu hiki kinafika hadi mezani kwetu. Tarehe 25 Juni 2024 vijana walijaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, na wengi hawakurudi nyumbani. Tangu siku hizo nimesikia katika vikao vyetu, kwa sauti ya chini na wakati mwingine si ya chini, maneno haya: damu ikimwagika dunia itatutazama, mapinduzi yana gharama, wachache watakufa, wengi watakombolewa. Anayesema hivyo kwa kawaida ana umri wangu au zaidi, ana gari nje, na siku ya maandamano atakuwa kwenye mahojiano ya redio. Kijana anayehesabiwa ana miaka 19. Hayupo kikaoni. Akijitoa mwenyewe, akijua anachokiendea, huo ni ushujaa wake, na hakuna nadharia inayoweza kumnyang'anya. Lakini sisi tukimpangia, tukamweka mstari wa mbele kwa sababu picha yake itatufaa, tofauti yetu na waliochora ramani ya Bogoria ni ipi?

Mtanijibu kwamba bila kujitoa mhanga hakuna haki iliyowahi kupatikana Kenya. Ni kweli. Walioitoa walitoa ya kwao.

Kwa hiyo natoa hoja mbili kwa kikao chetu kijacho, na naomba ziandikwe kwenye kumbukumbu. Parokia na makanisa yaliyo katika mtandao wetu yausome uamuzi wa Banjul hadharani Jumapili moja, kwa Kiswahili, kisha yamwandikie mbunge wao kumwuliza kwa nini haujatekelezwa. Waliokuwa na miaka 30 walipoondolewa Bogoria mwaka 1973 sasa wamepita miaka 80, na hawana muda wa jopo jingine. Na kabla hatujateua tarehe ya maandamano mengine, vijana watakaotembea mbele waketi mezani pamoja nasi wakiwa na kura kamili, waelezwe hatari bila kupambiwa, na wakisema hapana, tarehe hiyo ifutwe.